Ujanja Usiovunja Sheria

Mtu anayeiba karata hanisumbui sana. Akificha ree chini ya paja ikaonekana, hapana mjadala tena: anafukuzwa, na baraza linaendelea na kahawa yake. Hata wale wa karata tatu, waliokuwa wakiwanasa wageni wenye haraka ya kutajirika, sote Kariakoo tunawajua kwa jina lao, nalo ni wezi. Anayenisumbua ni mtu wa namna nyingine. Yeye haibi. Anacheza ndani ya sheria, lakini ukingoni kabisa, mahali ambapo ukimkemea atakuuliza, "Nimevunja sheria gani?" nawe ukakosa jibu.

Mifano yake ni mingi. Kuna anayechelewesha mkono wake makusudi hadi wenzake wachoke kufikiri. Kuna anayejifanya kutupa karata, akaishikilia hewani, akasoma uso wa mpinzani, kisha akairudisha. Kuna anayeegemea upande ambao karata za jirani zinaonekana, na akiambiwa hujibu kwamba kila mtu ana wajibu wa kuficha zake. Meza za poka katika kasino nazo zina watu wa aina hiyohiyo. Ila huko yupo mgawaji karata anayelipwa, yupo msimamizi, na kasino zenyewe ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Barazani kwetu hapana msimamizi. Kuna mkeka, birika la kahawa, kashata, na haya za watu.

Tena Kariakoo ni mahali pa mchanganyiko tangu mwanzo. Jina lenyewe lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye watu wamemiminika hapa kutoka pwani, visiwani na bara. Kila mmoja amekuja na karata za kwao. Huyu anaruhusu wenza kukonyezana, yule anasema ni haramu. Mjanja hustawi hasa katika pengo hilo, kati ya mazoea ya huyu na mazoea ya yule.

Katika baraza letu, karibu na Mtaa wa Mkunguni, tulizoea wahedi wa sitini, watu wanne, wawili kwa wawili. Asiyeujua mchezo huo atosheke na haya machache. Karata zote zina pointi 120, na anayefikisha 61 ameshinda, ndiyo maana ya jina lake. Ree ina pointi 11 na seti ina 10. Rangi ni nne: kopa na uru, ambazo ni nyekundu, pau na shupaza, ambazo ni nyeusi. Rangi moja huwa turufu na hukata nyingine zote. Mchezo haukuwa wa fedha. Walioshindwa walinunua kahawa.

Miaka kadhaa iliyopita alijiunga nasi bwana mmoja mchangamfu, hodari wa maneno na mwepesi wa mkono. Miongoni mwetu alikuwapo pia mzee mmoja, fundi cherehani, aliyecheza karata tangu ujana wake. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Hakumwambia mtu, lakini tuliona jinsi alivyosogeza karata karibu na uso jua lilipoinama. Kopa na uru zilianza kumchanganya.

Yule bwana aliliona hilo mapema kuliko sisi. Akawa anatupa uru huku ananong'ona, kama mtu anayehesabu, "Kopa, kopa…" Mzee, akiamini sikio lake, alishusha ree ya kopa ili aile, na pointi zake 11 zikaenda upande wa pili. Jambo hilo lilitokea mara tatu katika jioni mbili. Mwenza wa mzee alipofoka, bwana yule alicheka. "Mimi nilikuwa nahesabu zilizokwisha kutoka. Karata iko wazi mkekani. Mwenye macho haambiwi tazama."

Sheria ilikuwa upande wake. Tungemshitaki kwa lipi? Na tungesema kwamba anamwonea mzee kwa kuwa haoni vizuri, tungekuwa tumelitangaza mbele ya wote jambo ambalo mzee mwenyewe alikuwa akilisitiri. Nadhani mjanja alikuwa amelipima hilo pia. Aibu ya mzee ndiyo iliyokuwa turufu yake.

Kesho yake, kabla karata hazijagawiwa, nilisema, "Jamani, taa hii ni hafifu na kelele ni nyingi. Kuanzia leo kila anayetupa karata aitaje kwa sauti. Atakayeitaja vibaya, mkono huo ni wa wapinzani." Bwana akauliza, "Sheria hiyo ni kwa ajili ya nani?" Nikamjibu, "Kwa ajili yetu sote." Watu wakaitikia. Naye hakuweza kuikataa bila kueleza kwa nini haitaki.

Mzee hakusema neno. Lakini usiku ule, tulipofika Mtaa wa Msimbazi, alinishika mkono tukavuka pamoja, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Yule bwana alibaki barazani, na ikadhihirika kwamba alikuwa mchezaji mzuri. Hakuuhitaji ule ujanja hata kidogo.

Msomaji mpenzi, tangu siku ile nimeamini kwamba ujanja wa namna hii haushindwi kwa ugomvi, maana ugomvi ni uwanja wake. Huko hutetea kila herufi ya sheria na kukuacha wewe uonekane mkorofi. Hushindwa kwa kuziba pengo anamopita, mapema, mbele ya watu, na kwa kila mtu sawasawa. Sheria ya mchezo hutuambia nani ameshinda. Haituambii kama aliyeshinda anafaa kuachiwa duka, kukopeshwa bidhaa kwa neno la mdomo, au kukabidhiwa ufunguo wa nyumba. Katika mji wa biashara kama huu, hayo hupimwa mkekani, kwa kikombe cha kahawa tu.