Filimu ni ya wageni, sauti ni ya kwetu

Wengi wanasema watoto wetu wa Kabambare wanajua sana filimu za wageni. Mimi naona wanamjua mtafsiri. Filimu ni ya Hong Kong, India ao Nigeria, lakini sauti inayojaa nyumba ya video ni ya mtu mmoja, anayeongea Kiswahili juu ya maneno ya wachezaji wote.

Dar es Salaam, Derek Mukandala aliyeitwa Lufufu alijulikana sana kwa kazi hiyo. Uganda, wenye kuifanya wanaitwa VJ. Hawatafsiri neno kwa neno: wanafupisha, wanaongeza mzaha, wanawapa wachezaji majina ya kwetu. Ni faida kubwa, sababu hata mama asiyejua kusoma anafuata hadithi mpaka mwisho.

Lakini kuna jambo. Mwanangu aliniambia bibi mmoja katika filimu alipigwa sababu alimtukana bwana wake. Nikaazima filimu ile, tukaitazama pamoja. Chini ya picha mlikuwa maandishi ya Kifaransa: bibi yule aliomba pesa ya dawa ya mtoto. Tusi lilitoka kwa mtafsiri, na watu walicheka.

Wamama, tusiwakataze watoto video. Tukae nao hata mara moja, kisha tuwaulize: uliona nini kwa macho, na nini uliambiwa tu? Kijana anayejua kutenganisha hayo mawili hatamhukumu bibi yake kesho kwa maneno ya kusikia.