Walipofika herufi K

Wazo lilikuwa la binti. Likizo ya Juni, yuko kidato cha pili, simu imefungiwa kabatini na baba, na nyumbani Ngamiani hakuna la kufanya ila kuosha vyombo na kusikiliza cherehani. Akasema atasoma hadithi zote za maktaba ya mkoa, kuanzia A, bila kuruka hata moja. Baba yake, fundi cherehani aliyeishia darasa la saba, alicheka, kisha akasema naye yumo. Atakayeruka kitabu ataosha vyombo wiki nzima.

Kila Jumamosi wakapanda baiskeli moja hadi mjini, kwenye lile jengo la kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita. Rafu za hadithi hufuata jina la mwisho la mwandishi, kwa hiyo aliyewapokea ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na Bwana Msa wake mwenye kiko. Mzimu wa Watu wa Kale ni kitabu cha 1960, lakini kilimfanya fundi aunguze suruali ya mteja kwa pasi.

Si vyote vilivyokuwa vitamu hivyo. Vingine binti alivimaliza kwa kuogopa vyombo tu. Na alikuwa na lalamiko moja: Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, aliyezikwa Machui, hapa hapa Tanga, iweje asubiri hadi R? Aletwe mbele kwa heshima ya uenyeji. Baba akakataa. Sheria ni sheria.

Sheria hiyo hiyo ikamnasa mwezi wa Oktoba. Walikwisha kumpita Katalambulla na Simu ya Kifo, wakaingia kwa Euphrase Kezilahabi, wakasoma Dunia Uwanja wa Fujo na Kichwamaji. Kilichofuata kilikuwa Rosa Mistika, cha 1971. Fundi alikuwa amesikia kwamba kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Akakificha chini ya vitambaa, akasema atakisoma yeye kwanza.

Alikisoma usiku mbili. Alitarajia ufuska, na upo, lakini kabla yake alimkuta Zakaria, baba anayenasa barua ya mvulana kwa binti yake na kumpiga vibaya. Rosa anajifunza kuogopa wanaume, hajifunzi kuwajua, na akitoka nyumbani hana cha kumwongoza. Fundi alisimamisha cherehani. Simu ya kabatini ilichukuliwa kwa sababu ya ujumbe wa mvulana, na siku ile mkanda ulitumika mbele ya wapangaji wote. Hakuuliza hata huyo kijana ni nani.

Siku ya tatu alikiweka kitabu kando ya sahani ya binti.

"Soma. Ukimaliza tutazungumza."

"Kina mambo mabaya, baba?"

"Yamo. Mengine ni ya baba mtu."

Wazazi wengi hawatakubaliana naye, na wana hoja. Binti ana miaka 15, kitabu hakifichi kitu, na mwisho wa Rosa ni mzito. Kungoja miaka miwili kusingekuwa kosa. Yeye alihesabu kwamba rafu iko pale pale, akiwapo au asipokuwapo, na afadhali akiwapo.

Binti alisoma siku nne, kimya. Jumamosi, akiwa nyuma kwenye keria, mahali ambapo hawaonani uso, ndipo aliposema:

"Zakaria hakumwuliza Rosa chochote kuhusu ile barua."

"Hakumwuliza. Alipiga tu."

Baiskeli ikaenda mwendo mrefu bila mtu kusema.

"Yule kijana wa ujumbe," baba akasema, "ni nani?"

Akamwambia. Si yote, ila jina, darasa, na kwamba walishaacha kuandikiana. Baba akasema asante, kisha, kwa sauti ya chini, akasema mkanda ule haukuwa haki.

Simu ilitoka kabatini jioni hiyo. Maktaba nayo iliwapa kitabu kingine. Wamefika L sasa, na Shaaban Robert bado yuko mbali.