Ndege Iliyokuwa Bubu Korogwe

Ndugu msomaji, kama hujapata kupita njia ya kutoka Handeni kwenda Korogwe, njoo twende pamoja. Ni safari ya kilomita 65 hivi. Unaiacha Handeni katika nchi ya Wazigua, unapita mashamba ya mahindi, unateremka kati ya vilima na vichaka, na mwishowe unaiona milima ya Usambara imesimama mbele yako kama ukuta. Karibu na mguu wa milima hiyo unapita mto Pangani, na hapo ndipo Korogwe, mji wa reli. Reli iliyoanzia Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na mkonge ukapandwa huku na huku.

Miaka michache iliyopita nilipewa nafasi katika gari lililokuwa likishuka njia hiyo. Nyuma alikaa mama amempakata mwanawe mgonjwa, na baba kando yake. Mtoto alitakiwa kupasuliwa Dar es Salaam, na ndege ndogo ilikuwa ije kumchukua katika kiwanja cha nyasi karibu na Korogwe.

Tulipofika tuliikuta ndege imekwisha tua, tukafurahi. Lakini rubani na fundi wake walikuwa wameinamia ndani, nyuso zimekunjamana. Redio ilikuwa bubu. Nayo ilikuwa imetengenezwa siku tatu tu kabla ya hapo!

Baba wa mtoto akasema, "Bwana rubani, injini si nzima? Basi twende, mtoto anaumia."

Rubani akamjibu kwa upole, "Injini ni nzima, mzee wangu. Lakini Dar es Salaam ndege ni nyingi, na leo mawingu yako chini. Nikiwa bubu na kiziwi huko juu nitamtia mwanao hatarini. Nipe nusu saa. Ikishindikana, gari hili limpeleke hospitali ya Tanga."

Sasa tazama walivyofanya, maana hawakukimbilia kuifungua redio. Fundi alisema, "Kimya peke yake si ushahidi." Redio ya ndege husema kwa mawimbi ya megahezi 118 hadi 137, na mawimbi hayo huenda moja kwa moja kama mwanga wa taa, hayapindi mlima. Ndege ikiwa chini Korogwe, na Tanga iko mbali zaidi ya kilomita 60, si ajabu wasisikilizane. Ikipanda futi 3,000, sauti yake yaweza kufika kiasi cha kilomita 120, ikiwa hakuna mlima wa kuizuia. Lakini rubani alikuwa ameita akiwa angani, asijibiwe. Basi kosa lilikuwapo.

Wakaanza na yaliyo mepesi. Je, umeme unafika? Taa ya redio iliwaka. Je, namba ya mawimbi ni sahihi? Ndiyo. Je, visikilizio ni vizima? Wakabadilisha vya pili, hali ikawa ile ile. Fundi akafungua kitufe kinachonyamazisha mvumo, na masikioni ukasikika mvumo kama wa mvua juu ya bati. Maana yake, redio ilikuwa hai, ila haikupata la kusikia.

Kisha fundi akachukua redio ndogo ya mkononi, akasimama hatua tano tu kutoka kwenye ndege. Rubani akasema maneno machache, akasikika. Fundi akaenda hatua mia mbili. Rubani akasema tena. Kimya! Fundi akarudi anatabasamu. "Sauti inatoka, lakini haifiki kwenye eriali. Usiseme tena, usije ukaiunguza."

Kosa lilikuwa kati ya redio na eriali. Na ni nani aliyegusa hapo mara ya mwisho? Yule aliyeirudisha redio mahali pake. Redio ya namna hiyo husukumwa ndani ya fremu, na plagi ya eriali hushikana kwa nyuma, mahali jicho halifiki. Parafujo ya mbele ndiyo huivuta mpaka mwisho. Fundi alipoijaribu, parafujo ikazunguka zaidi ya mara mbili, na redio ikaingia ndani kiasi cha unene wa ukucha. Unene wa ukucha, msomaji! Huo ndio uliokuwa umemzuia mtoto.

Wakajaribu tena kwa hatua mia mbili. "Unanisikiaje?" "Nakusikia tano." Tano ndiyo alama ya juu kabisa. Fundi akaandika kazi yake katika kitabu cha ndege na kutia sahihi.

Hapo rubani akapanda, akaondoka peke yake. Baba wa mtoto akavua kofia akaitupa chini. "Ametuacha!" Mama hakusema neno, alizidi kumkumbatia mwanawe. Ndege ikazunguka juu ya mkonge. Mara redio ya mkononi ikasema, "Tanga wamenijibu. Ninarudi." Fundi akaiokota ile kofia, akamrudishia mwenyewe.

Wakaondoka watu wanne: rubani, baba, mama na mtoto. Mwezi uliofuata nilipita Handeni, nikamwona mtoto akifukuza kuku uani kwao.

Basi nawe, ukirudishiwa baiskeli, pampu ya kisima au redio ya nyumbani kutoka kwa fundi, usiseme "imepona" kwa kuwa umelipa. Ijaribu siku ambayo huna haja nayo. Ikikataa, anza na pale palipoguswa mwisho, jaribu jambo moja moja, wala usione haya kukaza parafujo kabla ya kulaumu mashine. Na ukimwona anayekawia kwa sababu anahakikisha, mvumilie. Huenda anayemkawilia ni mwanao.