Kimya cha Gari Kongwe

Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Neno hili lilisemwa juu ya watu, lakini halikosi mahali katika mambo ya mashine. Mtu aulizaye asijibiwe huwa na njia mbili mbele yake. Moja ni kudhani kuwa aliyeulizwa hana uhai. Nyingine ni kujichunguza kwanza kama swali lake lilisemwa kwa lugha inayofahamika. Njia ya kwanza ni nyepesi, ila hasara yake mara nyingi hulipwa na mtu wa tatu.

Jambo hili lilidhihirika Ntalikwa, katika Manispaa ya Tabora, asubuhi moja ya kipupwe. Mama mmoja mjane alikuwa na gari aina ya Toyota Corolla, lililoundwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya barabara za Japani. Gari hilo lilikuwa shamba lake na ghala lake. Lilichukua abiria na madumu ya asali mpaka mjini, na kwa nauli zake watoto wawili walikuwa shuleni. Kwa muda wa wiki tatu lilikuwa likikataa kuwaka alfajiri. Lilisukumwa, likakohoa, likazimika; lakini likisha kuwaka na kupata joto lilikwenda kama lisilo na ila. Abiria wa alfajiri hawangoji jua. Walikuwa wamekwisha kuhamia gari jingine.

Akaitwa kijana wa jirani, aliyerudi karibuni kutoka chuo cha ufundi. Alikuja na simu yake na kidude cha kuchomeka chini ya dashibodi, ambacho hupokea habari za injini na kuzipeleka kwenye simu bila waya. Tundu la kuchomekea lilikuwapo, lenye nafasi 16 kama alivyofundishwa. Akachomeka, akawasha swichi, akafungua programu. Programu ilitafuta, ikatafuta, ikaandika kwamba haikupata jibu. Alijaribu mara tatu.

“Mama,” akasema kwa unyonge, “kompyuta ya gari imekufa. Itabidi inunuliwe nyingine, na huenda ikatoka Dar es Salaam.”

Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na ng’ombe wawili. Mama hakujibu, maana ng’ombe aliokuwa nao ni hao wawili.

Kijana hakusema uongo. Alisema kwa kadiri ya alichokijua. Marekani iliamuru kwamba kila gari dogo linalouzwa huko, kuanzia la mwaka 1996, liwe na tundu la namna moja na lugha inayofahamika na vipimo vyote. Ulaya ilifuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001, na ya dizeli baadaye. Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani hayakufungwa na amri hizo. Kwa hiyo mengi ya miaka ile, ambayo yalifika Afrika Mashariki yakiwa yamekwisha kutumika, yana tundu lile lile lakini msemo si ule. Lahaja mojawapo ya lugha ya jumla huita kompyuta kwa anwani ya 33 na kusema kwa mwendo wa biti 10,400 kwa sekunde. Toyota nyingi za namna hii huitika kwa anwani ya 13 na mwendo wa biti 9,600. Aitaye kwa jina lisilo lake haitikiwi, hata akiita kutwa.

Nchi ya Unyanyembe ina ujuzi wa zamani katika habari hii. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora. Burton na Speke walifika kwa njia hiyo mwaka 1857, na Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 akingoja wapagazi. Kiswahili kilikuwa lugha ya njia kuu, kama tundu la nafasi 16 lilivyo leo. Lakini msafara ulipoacha njia kuu kutafuta chakula vijijini, ulihitaji mtu wa kusema “Mwangaluka” mlangoni. Aliyebisha kwa lugha ya ugenini, kisha akasema kuwa kijiji hakina watu kwa sababu hakujibiwa, alilala na njaa karibu na ghala lililojaa.

Mama alimwita fundi mzee wa mtaa, ambaye alianza kazi katika siku za kabureta.

“Shikamoo, Babu,” akasema kijana.

“Marahaba, mjukuu wangu. Mgonjwa amesemaje?”

“Hasemi neno, Babu. Kompyuta imekufa.”

“Jana mchana gari hili lilikwenda mjini likarudi. Nani aliyekuwa akiipimia injini petroli yake?”

Kijana akanyamaza. Mzee akafunua boneti, akatafuta kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko, akaunga kwa kipande cha waya nafasi mbili zilizoandikwa TE1 na E1. Akaagiza swichi iwashwe bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi, ambayo mama alikuwa amezoea kuiona ikiwaka asijali, ikapepesa mara mbili, ikatua, ikapepesa mara mbili tena. Kisha ikatua kitambo na kurudia. Kama pasingalikuwa na kosa, ingalipepesa mfululizo kwa vipindi vilivyo sawa.

“Ishirini na mbili,” akasema mzee. “Sensa ya joto la maji.”

Sensa hiyo ni kitu kidogo chenye kazi kubwa. Maji yakiwa na nyuzi 20, ukinzani wake huwa baina ya omu 2,000 na 3,000. Yakifika nyuzi 80 hushuka mpaka kama omu 300. Kwa kipimo hicho kompyuta hujua kuwa injini iliyopoa yahitaji petroli nyingi zaidi. Habari ikikatika, kompyuta hailali. Hukisia kuwa maji yana nyuzi 80, na kutoa petroli ya injini yenye moto. Mchana kisio hilo huwa karibu na kweli. Alfajiri huwa kosa. Hivyo kompyuta ilikuwa imefanya kama alivyofanya kijana: ilinyamaziwa, nayo ikakisia.

Mzee alivuta plagi ya sensa, akakuta waya umeliwa na kutu ya kijani ndani ya ganda lake. Akakata, akasafisha, akaunga, akafunga. Akaondoa fyuzi ya kompyuta kwa kitambo ili kosa lifutike katika kumbukumbu. Gari likawaka kwa mara ya kwanza, injini ikiwa bado baridi.

Kijana angeweza kuondoka na aibu yake. Badala yake aliomba aonyeshwe nafasi zile mbili, akaziandika. Usiku alitafuta maagizo ya kuiambia programu yake iite kwa anwani ya 13 na kwa mwendo wa 9,600. Kidude chake, kwa kuwa kilikuwa nakala ya bei rahisi, hakikutii, akaazima kingine. Alfajiri ya pili gari likaitika. Joto la maji likaonekana kwenye simu: nyuzi 19, kisha 40, kisha 84. Mzee alivaa miwani akazitazama tarakimu zikipanda, yeye ambaye maisha yake yote aliujua moto wa injini kwa kiganja.

“Taa yangu huniambia kidonda kilipo,” akasema. “Simu yako yaonyesha damu inavyokwenda. Kesho uje nayo.”

Tangu hapo kijana ana utaratibu wake. Kwanza huuliza gari liliundwa mwaka gani, na kwa soko la nchi gani. Pili hupima kama umeme wa betri wafika katika nafasi ya 16 ya tundu, maana fyuzi iliyokatika nayo huleta kimya. Tatu huita kwa lugha ya jumla, kisha kwa lugha ya nyumbani. Kimya kikidumu, huutafuta waya mfupi wa mzee. Hukumu ya kompyuta huja mwisho, baada ya mashahidi wote kusikilizwa.

Ng’ombe wa mjane wangali zizini, na abiria wa alfajiri wamerudi.