Sehemu ya 7: Mbuzi wa fainali na kadi ya mfungaji wetu

Mlioniuliza mbona wiki iliyopita nilikuwa kimya, nilikuwa naendesha mashindano. Ndiyo, nesi huyu huyu wa chanjo za watoto. Akina mama wa Kigera hapa Musoma tuna timu zetu za netiboli, na kila mwisho wa msimu tunafunga kwa kombe. Zawadi ni mbuzi. Mwaka huu wakaniambia, "Nesi, wewe ndiye utaandaa."

Jamani, kuandaa ni kazi. Kutafuta refa, chokaa ya mistari, kunyoosha nguzo iliyopinda. Kanuni inasema robo nne za dakika 15, sisi tukakata zikawa 10 kwa sababu ya jua. Ukisema msubiri jioni, upepo wa ziwa unakuchezea mpira. Nilichopigania kuliko mbuzi mwenyewe ni turubai la kivuli na ndoo za maji kwa wanaonyonyesha.

Halafu kuna wazo niliiba kwenye gofu. Nilisomea Moshi, na pale Moshi Club kuna uwanja wa mashimo tisa. Mgonjwa wangu mmoja, mzee wa gofu, alinieleza wanavyofunga msimu wao. Refa hakufuati shimo kwa shimo. Mwenzako anakuandikia mikwaju kwenye kadi, mwisho mnasaini wote wawili. Ukisaini mikwaju pungufu kuliko uliyopiga, unatolewa. Na wana handikapu: asiye hodari anapunguziwa mikwaju ili ashindane na mkali bila kuonewa.

Nikasema hii inatufaa, maana binti wa miaka 19 na mama aliyejifungua juzi hawaanzii mstari mmoja. Nikatengeneza kadi. Umejifungua lini? Kwa njia gani? Una mimba? Una presha? Mkojo unavuja ukiruka au ukikohoa? Unajaza, mwenzako wa timu anasaini. Mwenye mtoto wa miezi mitatu hadi sita anacheza robo mbili tu. Chini ya hapo, hachezi.

Kadi zikarudi. Swali la mkojo, wote "hapana". Wote! Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza, maana hata yangu niliandika hapana.

Usiku wa kuamkia fainali nikagongewa mlango. Ni aliyesaini kadi ya mfungaji wetu. "Dada nesi, ile saini yangu naomba uifute." Mfungaji alijifungulia kwao Bunda, kwa upasuaji, akarudi juzi juzi. Kwenye kadi kaandika miezi mitano. Ukweli ni wiki saba. Na timu yenyewe ni yangu, niseme tu.

Asubuhi nikaenda kwake. Nilimkuta anafua nepi. Hakukataa. Akaniambia, "Dada, kidonda kimefunga. Mimi nimekaa ndani tangu mimba. Mume yuko ziwani, mtoto analia usiku kucha. Fainali ndiyo kitu pekee nilikuwa nangojea." Mbuzi hakumtaja hata mara moja. Kiukweli sikuwa na jibu, kadi yangu haikuwa na swali hilo.

Lakini kidonda kufunga nje si kupona ndani. Ngozi inawahi, misuli ya tumbo na ya nyonga inachelewa. Kutembea taratibu ruksa, ila kukimbia na kuruka wataalamu wanashauri usubiri angalau wiki 12, hata kama ulijifungua kawaida. Nikamtoa. Nikamwomba akae meza ya alama na mtoto wake. Alikuja amechelewa, akakaa, hakunisalimia.

Kabla ya filimbi nikawaita wote. Nikasema kadi yangu ni ya uongo, mimi navuja tangu mtoto wa pili. Kimya. Halafu mmoja akasema, "Nesi, mimi hapa nimevaa pedi." Wakaanza kucheka, na kalamu ikazunguka upya.

Basi na wewe unayesoma, kuvuja kunatokea sana kwa wazazi ila usikubali kuambiwa ndiyo uzazi, vumilia. Kaza misuli kama unayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, hesabu sekunde chache, achia. Fanya mara 8 hadi 10, mara tatu kwa siku, hata ukiwa unachambua dagaa. Usibane tumbo wala pumzi. Inachukua miezi, usikate tamaa wiki ya pili. Isipopungua, nenda kituo. Na kama mkojo unatoka muda wote bila kukoma baada ya kujifungua, hiyo inaweza kuwa fistula. Nenda mapema, inatibika kwa upasuaji. Usijifiche ndani.

Fainali tulifungwa kwa bao moja. Mbuzi kaenda mtaa wa pili, na nyama hatukuonja.

Mfungaji wetu, baada ya mechi nilianza kupita kwake jioni, tunatembea na mtoto mgongoni hadi karibu na ziwa na kurudi. Siku ya kwanza alinuna njia nzima. Jana kanitumia ujumbe: "Wiki nane leo. Zimebaki nne, nazihesabu."