Nyumba Yapambwa kwa Ajili ya Nani?

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Maneno haya huambiwa vijana watafutao wachumba, ili wasidanganyike na uzuri wa uso. Lakini leo twayachukua kwa maana yake iliyo wazi, yaani nyumba yenyewe: kuta zake, sakafu yake, meza yake na dirisha lake. Katika vijiji vyetu vya Bonde na vya milima ya Usambara ziko nyumba nyingi ambazo uwanja wake umefagiwa vizuri, na chumba cha mbele kina vitambaa vya kufuma vitini na maua mezani. Walakini ukipita pazia la kwanza, huoni tena pambo hata moja. Na huko nyuma ndiko walalako watoto, ndiko aliko mzee asiyeweza kutoka, ndiko ashindako mama mwenye nyumba tangu alfajiri hata usiku. Pambo lote limesimama mlangoni kumngoja mgeni.

Hatusemi kwamba mgeni asiheshimiwe. Kumheshimu mgeni ni desturi yetu njema, nasi hatupendi ife. Lakini wazee wetu walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ikiwa mgeni ni wa siku 2, basi siku nyingine 363 za mwaka ni za nani? Wale wakaao nyumbani siku zote ndio wenye haki ya kwanza ya kuona kitu kizuri wafumbuapo macho asubuhi.

Wako watakaojibu, "Mwalimu, pambo ni la wenye fedha." Neno hili twalisikia mara nyingi, na twaona ya kuwa limetokana na madukani. Mtu huona maua ya plastiki yamening'inizwa, akadhani kwamba hayo ndiyo maua ya nyumba, naye hana fedha ya kuyanunua. Au huyanunua kwa deni siku ya arusi, na baada ya miezi michache rangi imekwisha kwa jua, na vumbi limejaa ndani yake. Husifiwa kwamba hayafi. Ni kweli, hayafi. Lakini hayakuwa hai hata siku moja. Masika yakija, ni yale yale; kiangazi kikija, ni yale yale. Ua la kweli lina faida hii, kwamba huja kwa majira yake na kuondoka kwa majira yake, na hivyo huwaambia watu wa nyumba wako wapi katika mwaka.

Tuyatazame basi majira yetu. Mvua za vuli zinyeshapo, na mwaka uelekeapo mwisho, mti ule tuuitao mkrismasi huvaa nyekundu tupu. Asili yake si huku kwetu, ni Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Lakini sasa umekuwa mwenyeji. Tawi lake likikatwa hupukutika upesi. Afadhali watoto waokote asubuhi maua yaliyoanguka usiku, wayaelekeze juu ya maji katika sahani pana. Ni kazi ya dakika chache, wala haigharimu kitu.

Baada ya vuli huja joto la kaskazi. Wakati huo bogenvilia haiogopi jua, nayo yawafaa sana watu wakaao mbali na maji. Watoto wetu shuleni hustaajabu tuwaonyeshapo ya kuwa yale mekundu na ya zambarau si maua, bali ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijiua chembamba cheupe kilichomo katikati. Na asumini hunawiri katika joto hilo. Desturi ya akina mama wa pwani ni kuchuma vitumba vyake jioni, vingali vimefumba, na kuvitunga katika uzi kuwa koja. Usiku vikafunguka vyenyewe, na nyumba nzima ikanukia. Wengine hufunga asumini pamoja na rehani na kilua, wakafanya vikuba. Mwenye mlangilangi uani pake hana haja ya kununua manukato.

Masika yakiingia, maua mengi huharibiwa na mvua, lakini majani hushinda. Kangaga zilizochumwa mtoni na kutiwa katika mtungi mdogo hupendeza kuliko maua mengi. Kisha huja kipupwe, siku za baridi na umande. Hapo nyasi ndefu zimekomaa na kukauka, na maganda marefu ya mbegu za mkrismasi yanalia kama kayamba upepo upitapo. Funga nyasi hizo na maganda hayo kwa kamba ya ukindu, uyasimamishe pembeni mwa chumba. Hayataki maji, nayo yatakaa mpaka vuli irudi.

Tena yako mambo machache ambayo ni lazima kuyajua. Maua yakatwe asubuhi mapema au jioni, wala si adhuhuri, maana mchana mti una kiu. Majani yatakayozama majini yaondolewe, kwa kuwa huoza na kuyachafua maji. Kila siku chupa ioshwe na maji yabadilishwe, na ncha ya kikonyo ikatwe kidogo tena. Hili la maji si la uzuri tu. Mbu hutaga mayai katika maji yaliyotuama, na katika nchi ya joto kama yetu yai huweza kuwa mbu mwenye mabawa kwa siku 7 hadi 10 hivi. Mtu asiyebadili maji ya maua yake anafuga homa kando ya kitanda cha mtoto wake. Kadhalika, mnanaha wenye ua jeupe mfano wa tarumbeta usiingizwe nyumbani, kwa maana una sumu. Na utomvu wa mnyaa uliopandwa uani usiguse macho ya mtoto.

Haya ni ya maua. Yako na mapambo ya mikono, ambayo hayanyauki. La kwanza ni mkeka. Wengi wetu tulizaliwa juu ya mkeka, lakini mabinti wa siku hizi wajuao kuusuka wamepungua, kwa kuwa mikeka ya plastiki imejaa masoko. Ukindu huchumwa, hukaushwa, huchanwa, kisha hutiwa rangi kwa kuchemshwa. Zamani rangi nyeusi ilitoka katika mizizi ya mdaa, na rangi ya njano ilitoka katika manjano, ingawa hiyo ya pili hufifia jua likiipiga. Kisha husukwa ukili mrefu, nao ukili hushonwa kwa kuzungushwa mpaka mkeka ukamilike. Ni kazi ya siku nyingi. Lakini tazama kwamba ni kazi inayofanywa watu wakiwa wameketi pamoja, wakizungumza. Kila mstari wa mkeka wa namna hiyo una hadithi iliyosimuliwa uliposukwa. Msichana asiyefundishwa kusuka hakukosa mkeka tu. Alikosa na mazungumzo ya mama yake.

Na mambo madogo ni mengi. Kanga iliyochakaa katikati huwa na pindo zima. Pindo hilo likishonwa chini ya pazia jeupe, pazia lapata sura mpya. Kifuu cha nazi kikisuguliwa kwa mchanga na kutobolewa matundu matatu, hutundikwa kwa kamba ya makumbi kikawa chungu cha mmea dirishani. Mkebe mtupu ukivikwa ukili hautambulikani tena. Ukuta wa udongo ukikandikwa upya baada ya masika, na chini ukapakwa mshipi wa udongo mwekundu, hutaka kutazamwa. Na Wakristo wengi huchukua nyumbani misalaba midogo iliyosukwa kwa makuti machanga siku ya Jumapili ya Matawi, wakaitia ukutani. Hilo pia ni pambo la majira, nalo lilitoka mikononi.

Sasa twataka kueleza habari ya bibi mmoja, jirani yetu wa zamani, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika kwa uzee. Alilala chumba cha uani. Chakula alipewa, maji alipewa, nguo zake zilifuliwa. Hakuna aliyeweza kuwalaumu watoto wake. Lakini watu waliingia kwake kwa haja tu, wakatoka upesi. Mjukuu wake, msichana wa darasa la 5, ndiye aliyempelekea maji kila jioni. Siku moja msichana huyu alitia vitumba vya asumini katika kisahani, akakiweka karibu na mto wa bibi yake bila kumwambia. Asubuhi alipoingia alisema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani aliyelala humu usiku?"

"Hakulala mtu, bibi. Ni asumini nilizoziweka."

Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ziweke tena leo. Tangu macho yaliponiacha, sikujua kama mwezi wa asumini umefika au umekwisha pita."

Basi tangu siku ile mtoto alimpelekea kila kilichonukia: rehani, kilua, maua ya mlimau, hata majani mabichi baada ya mvua. Bibi alishika, akanusa, akataja jina lake na wapi lilikuwa likiota alipokuwa msichana. Watoto wengine wakaja kumjaribu kwa maua wasiyoyajua wao wenyewe. Kisha na watu wazima wakaingia kuuliza, "Leo bibi asikia harufu gani?" wakaketi. Macho yake hayakurudi, naye alifariki baada ya masika mawili. Lakini katika masika hayo mawili chumba cha uani kilikuwa baraza ya nyumba ile. Sisi tulioketi humo twajua ya kuwa kisahani kimoja kilifanya kazi ambayo vitambaa vyote vya chumba cha mbele havikuifanya.

Huenda msomaji akauliza, mbona hatuoni mambo haya, nayo yako karibu nasi hivi? Jibu ni kwamba la karibu ndilo lisiloonekana. Na hapa twatoa mfano kutoka katika milima yetu wenyewe. Katika misitu ya Usambara, penye mawe yenye kivuli na unyevu, huota mmea mdogo wenye majani ya malaika kama mahameli na maua ya rangi ya urujuani. Watu wa nchi waliupita kwa vizazi vingi wakienda kuni. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa akitawala wilaya ya Tanga, aliuona, naye akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, aliupa jina la Saintpaulia ionantha. Leo mmea huo wauzwa katika maduka ya maua ya Ulaya na Marekani, nao umesimama katika madirisha ya watu wasiojua Usambara iko wapi. Walakini Wajerumani wauita hata leo Usambaraveilchen, na jina la milima yetu limo ndani yake. Huku kwetu ni nyumba ngapi zenye ua hili dirishani? Na msituni kwenyewe limepungua sana, kwa kuwa miti iliyolitilia kivuli imekatwa.

Tusisikie habari hii tukaenda kuling'oa, maana hapo tutakuwa tumemaliza kidogo kilichosalia. Hakuna haja ya kung'oa. Aliye na jirani mwenye mmea huu mkebeni na aombe jani moja tu lililokomaa. Likatwe pamoja na kikonyo chake, urefu wa vidole viwili hivi, kikonyo kipandwe katika udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali. Udongo uwe na unyevu, wala usijae maji. Na maji ya baridi yasimwagwe juu ya majani, kwa kuwa huyatia mabaka. Baada ya miezi 2 hivi miche midogo hutokeza penye mguu wa lile jani. Hivyo jani moja hupamba nyumba tatu au nne, na msitu haukupungukiwa na kitu.

Basi, ndugu wasomaji, na hasa ninyi akina mama na mabinti, hatuwaambii mtoe fedha. Twawaomba mgeuze njia ya ua tu. Kesho asubuhi, mtoto atakapookota ua la kwanza chini ya mti, msimwambie aliweke chumba cha mbele. Mwambieni apite pazia, alipeleke penye mto wa babu, au penye kitanda cha mdogo wake mwenye homa, au jikoni karibu na mafiga, mahali mama yake atakapoliona akoleapo moto. Likibaki la pili, hilo na likae mezani kwa ajili ya mgeni. Naye mgeni akiwa mwungwana, atafurahi zaidi kuingia katika nyumba ambayo wenyewe waipenda kuliko nyumba iliyovaa nguo kwa ajili yake.