Barua kutoka Ipogolo: yule mama anayepanda mlima kwa skii

Dada yangu,

Basi limenishusha Ipogolo jana jioni, likaendelea zake Tunduma, nami nikabaki na begi langu katikati ya maroli, wauza nyanya na vijana wa bodaboda waliokuwa wakigombea nani anipandishe mjini. Sikupanda. Nimelala kwa mama mdogo, hukuhuku bondeni upande wa Ruaha Mdogo, na ile skafu uliyonitumia kutoka Trondheim imenifaa kweli. Baridi ya Juni ya Iringa unaijua, haibembelezi mtu.

Safari ilikuwa nzuri mpaka mlima Kitonga. Mikumi tuliona twiga na nyani wa kutosha, Ruaha Mbuyuni abiria wakajaza vitunguu mpaka konda akalalamika, na tulipoanza kupanda tukakuta roli limekufa kwenye kona. Foleni ikasimama. Madereva walizima injini, wakashuka wakapiga soga kama wako kijiweni. Hapo nikatoa simu nikafungua ile video yako ya Therese Johaug, yule Mnorwei wa skii, akipanda Alpe Cermis. Mzee mmoja wa Makambako aliyekaa pembeni yangu akaiinamia, akatazama kimya, kisha akauliza: "Huyu mama anakimbilia wapi na hayo mabao miguuni?"

Swali la haki kabisa. Nilimweleza kwamba ni Italia, bonde la Fiemme, na kwamba mteremko ule wenzao huutumia kushukia. Ila mashindano ya Tour de Ski humalizikia hapo, na wale wa skii za mbio za nyika, baada ya kushindana siku kadhaa mfululizo, huambiwa sasa upandeni. Ni kimo cha zaidi ya mita 400 ndani ya kilomita zisizotimia nne, na penye ukali zaidi mwinuko hufika asilimia 28. Mwaka 2016 Ingvild Flugstad Østberg, Mnorwei mwenzake, ndiye aliyeanza kuupanda akiwa mbele. Johaug alimfuata nyuma kwa vile vihatua vyake vifupi vya harakaharaka, akamkuta, akampita, akachukua Tour nzima. Mzee akatikisa kichwa. "Huyo angefaa kuwa utingo Kitonga," akasema, na basi zima likacheka.

Usiku nikamwonyesha mdogo wetu. Si unakumbuka anakimbia? Yuko kwenye mazoezi ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, na hana habari na kitu kingine. Skii hazikumgusa hata kidogo. Kilichomgusa ni nilipomwambia kwamba Johaug akivua skii anakimbia pia: mwaka 2019 alikuwa bingwa wa Norwei wa mita 10,000 uwanjani, na Juni 2020 pale Bislett, Oslo, alikimbia umbali huo kwa dakika 31 na sekunde 40. Mdogo wetu akashika kalamu. Kila kilomita dakika 3 na sekunde 10, akasema. Halafu akakumbuka Magdalena Shauri wetu, aliyekuwa wa tatu Berlin Septemba 2023 kwa saa 2:18:41, akapiga hesabu tena: dakika 3 na sekunde 17. "Lakini dada, wetu anakaa na mwendo huo kilomita 42!" Mjadala ukafungwa hapo, Tanzania imeshinda, tukaenda kulala.

Asubuhi alinipandisha mjini kwa miguu. Barabara unaikumbuka, inavyojikunja kutoka Ipogolo kuutafuta mji huko juu. Yeye huupanda mlima huo siku nyingi za shule na anaupanda akiongea. Mimi nilikuwa nasimama kila mara nikijifanya natazama mandhari. Akina mama wenye ndoo za nyanya kichwani walitupita wakitusalimia, na salamu zao nilizijibu kwa kichwa tu, pumzi sikuwa nayo.

Basi ili nipate kupumua nikawa namsimulia. Nilianza na Marit Bjørgen, wa skii pia, aliyekulia shambani Rognes, si mbali na hapo ulipo. Medali 15 za Olimpiki, 8 za dhahabu. Lakini nilichotaka akisikie mdogo wetu ni saa. Watafiti wa huko walipitia madaftari ya mazoezi ya Bjørgen: akiwa na miaka 20 alifanya mazoezi saa 522 kwa mwaka, na alipofika 35 zilikuwa 940. Na katika mazoezi yote ya pumzi, zaidi ya tisa katika kila kumi yalikuwa ya mwendo mwepesi, ule unaoweza kuongea huku unakwenda. Mdogo wetu hakuamini. Mwalimu wao wa michezo anaamini kwamba usipotapika hujafanya mazoezi. Nikamwambia, na wewe unavyopanda hapa kila siku ukipiga porojo, ndicho alichokuwa akifanya Bjørgen, tofauti yeye alikuwa akiandika.

Theluji? Hiyo hata kwao Norwei ipo miezi kadhaa tu. Kiangazi wanafunga skii za magurudumu wanapanda vilima kwenye lami. Hebu waza mtu na fimbo zake mbili barabara kuu ya Zambia, nyuma yake roli la mafuta linapiga honi! Maroli wanayo hata wao, lakini timu ya Norwei inalo roli zima la kupakia skii nta, na mafundi wake. Nta ikikosewa skii inarudi nyuma kwenye mlima, na kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji. Nikifikiria hilo roli huwa napunguza kidogo sifa ninazowamwagia.

Kuhusu Johaug mwenyewe, Dada, tofauti yetu iko palepale. Wewe unasema alionewa. Katoka Dalsbygda kijijini, akapata medali ya dunia Sapporo 2007 ana miaka 18, akachukua kilomita 30 nyumbani Holmenkollen 2011 mbele ya Bjørgen huyohuyo. Halafu Septemba 2016 akapimwa akakutwa na clostebol, dawa iliyokatazwa michezoni, iliyotokana na krimu ya midomo aliyopewa na daktari wa timu baada ya kuungua jua kambini Italia. Daktari alikubali kosa ni lake, sawa. Lakini kwenye boksi palikuwa na onyo la dawa zilizokatazwa, na midomo ni ya nani? Alifungiwa miezi 13, mahakama ya michezo ikaongeza ikawa 18, na hiyo ndiyo iliyomkosesha Olimpiki ya Pyeongchang ya 2018. Mimi naona adhabu ilikuwa kali na ilikuwa halali, vyote viwili.

Na hapo ndipo mdogo wetu aliposimama, kwa sababu nilimwambia nani alikuwepo Pyeongchang wakati Johaug yuko nyumbani. Bjørgen alikuwepo, karibu kutimiza miaka 38, mama wa mtoto wa miaka miwili, akaondoka na medali 5. Na Sabrina Simader alikuwepo. Mzaliwa wa Kilifi! Alihamia Austria ana miaka mitatu, baba wa kambo akamfundisha skii, mwaka 2016 akashindana Olimpiki ya vijana kwenu huko Lillehammer, na miaka miwili baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya Olimpiki ya baridi. Zake ni skii za kuteremka, si za nyika, na kwenye super-G alikuwa wa 38. Wa nyika ni Philip Boit wa Eldoret, aliyekuwa wa mwisho Nagano 1998 huku mshindi, Bjørn Dæhlie, akimsubiri kwenye utepe ili amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mdogo wetu alipenda hilo kuliko medali zote. Mimi nampenda zaidi Boit wa baadaye: alirudi 2002, akarudi tena 2006, wakati hakuna tena kamera ya kumngojea.

Johaug naye alirudi. Mashindano ya dunia Seefeld 2019, dhahabu tatu za peke yake. Olimpiki ya Beijing 2022, dhahabu tatu tena, na ile ya kilomita 10 alimpita Kerttu Niskanen wa Ufini kwa sehemu nne za kumi za sekunde. Akaacha, akazaa mwaka 2023, akarudi, akashinda Tour ya nne Januari 2025. Na Machi ukamwona mwenyewe hapo Trondheim kwenye kilomita 50, wanawake wakipewa umbali huo kwenye mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza, Frida Karlsson wa Sweden akamtangulia. Uliniandikia kwamba watu karibu yako walilia. Hukuniambia kama na wewe ulilia.

Tulifika juu, tukanywa chai ya tangawizi na chapati karibu na soko, mimi miguu ikitetemeka chini ya meza. Kushuka nilipanda bodaboda bila aibu yoyote.

Kesho naondoka kwenda Mbeya, nitapitia Mafinga kumwona mjomba. Mama mdogo anakusalimu sana na shemeji, anauliza mtakuja lini, na anasema mje msimu wa ulanzi, siyo kama mwaka ule mlikuja mianzi imekauka. Mdogo wetu ameanza daftari: ameandika tarehe, Ipogolo mpaka mjini, na dakika. Anaomba viatu vya kukimbilia, namba 39. Nimemwuliza kama anataka na skii, akanitazama kama mtu aliyemtukana mama.

Ndimi mdogo wako.